Toba Yangu Imemwangukia Athmani

Admin, nifiche jina. Wanaonijua watanitambua kwa maneno yangu, hao sina la kuwafanya.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mtu wa bara niliyeletwa Mombasa na kazi ya reli. Reli ikanistaafisha, nami nikasahau kurudi kwetu. Naishi Makadara peke yangu, mke wangu alishatangulia. Shule niliishia darasa la sita, kwa hivyo nikikosea herufi msinicheke, maana nanyi nawaona mnavyoandika huko kwenye komenti mkivunja ndoa za watu msiowajua. Nimeokoka mwaka jana. Ndiyo, uzeeni. Wengine hula chakula kikishapoa.

Kanisani kwetu kuna darasa la kukua kiroho kila Alhamisi jioni. Mwalimu ni pasta kijana, suruali imembana hadi namhurumia akipiga magoti. Alitufundisha kwamba kukua si kelele za Jumapili, ni namna unavyoishi na watu kuanzia Jumatatu. Hapo nilimkubali. Kisha akatupa karatasi: andika kila uliyemkosea, uende ukatengeneze naye, mmoja mmoja, bila kuficha. Nikaanza na wepesi. Nilimwomba radhi mama wa ndimu pale Marikiti, kwa miaka yote ya kumchomolea ndimu moja kila nikinunua tano. Akacheka, akaniongeza mbili. Nikamwomba radhi shemeji niliyemwita fisi mbele ya wageni harusini. Huyo hakucheka, lakini alinisamehe. Nikajiona nakua kama mpapai.

Kwenye karatasi likabaki jina moja.

Nitamwita Athmani. Ni seremala wa milango na masanduku Mji wa Kale, Mwislamu, babu zake wote wamezikwa hapa hapa, na ni rafiki yangu tangu sote tukiwa na meno. Sisi ni watani. Nikitokeza tu kwenye kona huanza: "Ewe Mbara, hujafa? Ama kaburi limekukataa?" Nami humjibu kwamba namngoja yeye anichongee jeneza, ila kwa uvivu wake nitaoza kwanza.

Zamani Athmani alikuwa akifanya kazi na mdogo wake, mtu mzima mwenye ndevu zake. Asubuhi moja nikielekea zamu nilipita karakanani, wao wako nyuma wanapakua mbao. Nikaiona randa ya Athmani ya kulainishia mbao, ile waliyoachiwa na baba yao. Nikaitia ndani ya koti. Mzaha tu, jamani, nimrudishie jioni tucheke. Jioni nikakuta kimya. Athmani alikuwa amemtuhumu mdogo wake kwamba ameiuza, akamzaba kofi mbele ya majirani, naye mdogo mtu akafunga nguo zake akaondoka. Nilifungua mdomo niseme. Athmani alikuwa ameshika nyundo. Nikaufunga. Randa nikaitupa chooni. Yule ndugu alivuka mpaka akaenda Tanga, na mwaka wa tatu tukaletewa habari kwamba amekufa. Athmani hakwenda kuzika. Alisema, "Mwizi na azikwe na waliomkaribisha."

Miaka thelathini nimekunywa kahawa na mtu huyu.

Basi mwezi uliopita nilikwenda, karatasi mfukoni, nikamwambia yote. Safari hii hakushika nyundo. Aliniuliza, "Wasema kweli, ama ni mizaha yako?" Nikamwambia ni kweli. Akajipangusa unga wa mbao magotini, polepole, kisha akasema, "Miaka yote hii nikijua nalimpiga mwizi. Wewe ushatubu, ushatua. Na mimi niende nikamwombe nani radhi?" Nikaaga.

Na aibu yangu ni hii: niliondoka pale nikiwa mwepesi. Njiani nilikula mahamri matatu, nikaimba na pambio.

Karakana haijafunguliwa tangu siku ile. Wiki mbili baadaye mkewe alinikuta sokoni, akaniuliza, "Shemeji, ulimwambia nini mume wangu? Hali, halali, hasemi. Ataka kupelekwa Tanga, na miguu haimfikishi hata msikitini. Na hilo kaburi la nduguye hakuna alijuaye liliko." Nikamwambia sijui. Wiki mbili baada ya kutubu uongo, nikasema mwingine.

Nilimwendea pasta. Akanishika bega, akasema, "Mzee, wewe umefanya sehemu yako. Mengine mwachie Bwana." Bwana hakuificha randa. Tena pasta anataka Jumapili hii nisimame nitoe ushuhuda mbele ya kanisa zima, ati mimi ni mfano wa mtu anayekua. Nami nikijichunguza vizuri naona sikwenda kwa ajili ya Athmani. Nilikwenda kumaliza karatasi. Sasa hata kusali kwenyewe kumenishinda, nasema "Baba" halafu nakaa tu, natazama ukuta.

Juzi nilikwenda nikaketi barazani kwake. Athmani akatoka kwenda kuswali alasiri, anajishikiza ukutani. Nikakohoa ili anione, nikakaa tayari kwa matusi yangu. Akasimama, akaniambia kwa adabu, kama anasema na karani wa posta, "Habari za mchana, mzee." Akapita.

Msiniambie niombe, nimeshawaeleza maombi yangu yanapoishia. Msiniambie muda utaponya, jumlisheni umri wetu kwanza. Jumapili nisimame ama nikae? Mkewe nimwambie ukweli, ama nitamwongezea mzigo kama nilivyomtwika mumewe? Na lile kubwa, nyinyi wenye akili kunizidi: nifanye nini Athmani anitukane tena?