Nilivyofunga rimu za inchi 17 kwenye kigari changu, mama mkwe akaamua kushuka njiani

Wakuu, habari za humu.

Nawaletea jambo lililonipata mwenyewe mvua za mwaka huu. Sijaongeza chumvi. Ningekuwa naongeza kitu, ningejiongezea akili kwanza.

Naishi Ifakara. Nina kigari cha cc 1300, kilichotoka kiwandani na tairi za inchi 14. Masika yakianza huku bondeni, ugonjwa wetu ni mmoja: kuinua gari. Wenzangu hubadilisha springi. Mimi nikaona njia ya mkato, nikafunga rimu za chuma za inchi 17 na tairi nene zenye meno ya kukamata matope.

Gari likainuka kweli. Kijiweni wakaanza kuniita Mheshimiwa. Nikawa naitika.

Nilichosahau, pamoja na miaka yote niliyokaa chuo kikuu nikichambua riwaya, ni kwamba injini ilibaki ile ile. Tairi ikiwa kubwa, kila mzunguko mmoja unasukuma gari mbali zaidi, kwa hiyo injini inahenya kuondoka. Na uzito ukikaa pembeni kabisa ya gurudumu, ni kazi kuuzungusha na ni kazi kuusimamisha. Hata spidi mita inadanganya: unakwenda kasi kuliko inavyosoma.

Haya niliyasoma baadaye, bila shaka.

Sasa, mama mkwe anakaa kijiji cha Mbingu, njia ya Mlimba. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, anatembea kwa kushikwa mkono. Wakaja madaktari wa macho hapa mjini, na Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kupima watu wa upasuaji. Mwisho saa nane mchana. Akikosa, hakuna aliyejua watarudi lini.

Tukaenda kumchukua mimi na mke wangu, Mama Tunu. Kwenda, gari tupu, nilijisifu njia nzima.

Shida ilianza kurudi. Mama mkwe haendi kwa binti yake mikono mitupu. Magunia mawili ya mchele yakaingia kwenye buti, jogoo juu yake. Gari likakaa chini, na kila shimo tairi za nyuma zikawa zinakwangua fenda. Harufu ya mpira ikaanza.

Mtasema ningeshusha mchele. Wakuu, huku kwetu kumwambia mama mkwe ashushe zawadi yake ni karibu sawa na kumrudishia binti yake. Nikakaza usukani.

Mbele kidogo ng'ombe wakakatiza. Nikakanyaga breki pale pale ninapokanyagaga siku zote. Gari likaendelea na safari yake. Lilisimama pua kwa pua na dume moja lenye dharau.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Ng'ombe, mama," mke wangu akajibu.

"Mbona kama yumo humu ndani?"

Tukafika kwenye kilima kimoja chenye utelezi. Si kilima cha kutisha, nimekipanda miaka yote. Safari hii injini ililia, klachi ikanuka, tukarudi kinyumenyume. Nikajaribu tena, yale yale. Saa sita ilishapita.

"Baba Tunu," mke wangu akaninong'oneza, "unasema wewe au niseme mimi?"

"Sema wewe. Ni mama yako."

"Na gari ni la nani?"

Mama mkwe macho yalikuwa mabovu, masikio hapana. "Shida ni uzito?"

"Kidogo tu, mama."

"Basi mchele haushuki. Nashuka mimi."

Akashuka kweli. Ikapita pikapu imebeba ndizi, tairi zake nyembamba za kiwandani. Dereva akawabana mbele mama mkwe na mke wangu, wakapanda kilima kile kama hakipo. Mimi nikabaki na mchele, jogoo na uheshimiwa wangu. Bila abiria gari lilipanda, kwa manung'uniko.

Nilifika mjini saa tisa, mlango wa madaktari umefungwa. Mama mkwe alishapimwa na kupangiwa kesho yake. Angenisubiri mimi, mpaka leo angekuwa anashikwa mkono.

Siku alipofunguliwa bandeji ya jicho la kwanza, alipofika kwangu hakuingia ndani. Alisimama mbele ya gari, akainama, akayaangalia magurudumu moja moja.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, mama."

"Mazuri kweli." Akanyooka. "Yatoe."

Nimeyatoa.

Nilichojifunza ni kwamba saizi iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva si pambo. Ukitaka kuizidi, usiangalie rimu peke yake. Angalia kimo cha tairi nzima na uzito wake, halafu lijaribu gari likiwa limepakia, si likiwa tupu mbele ya kijiwe.

Wenye magari madogo mnaopita njia ya Mlimba wakati wa mvua, ninyi mmeinuaje? Nahitaji ushauri kweli. Wa kunicheka pia mnakaribishwa, ila foleni inaanzia kwa mama mkwe.