Masta Silinda Isiyo na Boksi

Siku ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ni Ijumaa moja ya miaka ile ya Ujamaa, niliposimama katikati ya Mtaa wa Msimbazi nimevaa ovaroli, mikono kichwani, natazama lori nililolitengeneza mwenyewe likienda bila breki.

Najua ukinijia unapenda nianze na habari za sifa. Tulia, nitazifikia, tena ni nzuri. Lakini nikikuficha hii ya Msimbazi hutajua zile nyingine zilitoka wapi.

Nilizaliwa Songea, nikaja Dar es Salaam nikiwa na miaka ishirini kukaa kwa shangazi yangu Buguruni. Siku zile tuliambiwa kila mahali kwamba wasichana nao washike spana na nyundo, nami nililichukua neno lile kama barua niliyoandikiwa peke yangu. Nikapata nafasi kwenye gereji moja ya ushirika pale Gerezani, hatua chache tu kutoka sokoni Kariakoo. Tulikuwa mafundi tisa, mwanamke mimi tu. Wapita njia walikuwa wakisimama kunitazama nikiwa chini ya gari, na mimi, nikuambie ukweli, nilipenda kutazamwa.

Mkuu wa gereji alikuwa Mzee Likwata, mtu wa Lindi, mwembamba, asiyepandisha sauti hata spana ikimwangukia mguuni. Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha vijana. Ukimletea spea yoyote, haoni haya kuinusa, kuikwaruza kwa ukucha, kuiweka sikioni na kuigonga. Tulisema mzee anaongea na vyuma.

Basi wiki ile likaja lori kutoka kijiji kimoja cha Ujamaa kilicho bondeni, upande wa pili wa milima ya Uluguru. Lori lilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Dereva wake, Ndugu Mkude, alikuwa ametumwa kuchukua mashine ya kusaga. Kijiji kizima kilikuwa kimeingoja mashine hiyo misimu mitatu. Wanawake wa kule walikuwa wakitwanga kwa mikono, au wanapanda mlima na magunia kichwani kwenda kusagisha kijiji cha jirani na kurudi kesho yake. Na bohari iliyokuwa na mashine hiyo ilimpa Mkude siku saba. Zikipita, mashine inapewa kijiji kinachofuata kwenye orodha.

Sasa lori lenyewe lilifika Gerezani breki zikiwa zimekwisha. Ugonjwa ulikuwa kwenye masta silinda, kile chuma mfano wa bomba ambacho dereva akikanyaga pedeli, kinasukuma mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu. Ya lori lile ilikuwa imeliwa na kutu ndani, haifai tena. Mzee Likwata akaniita.

"Ana, nenda Kariakoo ukatafute orijino. Ukipata chochote, nisubiri nikione kwanza. Mimi nina mkutano wa ushirika leo na kesho asubuhi."

"Sawa, Mzee," nikamjibu, miguu tayari iko njiani.

Mwanangu, wewe leo ukienda Kariakoo unakuta spea zimepangwa mpaka barabarani. Wakati wetu ulikuwa unatafuta bolti moja siku nzima. Bohari kuu waliniambia ningoje miezi sita, labda. Nikazunguka Mtaa wa Kongo, nikazunguka Mtaa wa Swahili, hakuna. Mwishowe nikaingia kwa Kaka Temu, kijana wa Kilimanjaro aliyekuwa na kiduka chembamba cha spea. Alitoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti la zamani, akakiweka mezani.

"Dada Ana, sitakudanganya. Hii haikutengenezwa na wale waliotengeneza lori lenu. Ni ya kiwanda kingine, na matundu ya bolti hayalingani sawasawa. Lakini ni kitu kizima. Ichukue mkaipime."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka mbele yake. "Kaka Temu, mimi nimetumwa orijino. Hii hata boksi haina!"

Nikatoka. Na duka la nne baada ya lake, mtu mmoja ambaye sikumjua kabla wala sikumwona tena baadaye, akanitolea boksi. Mwanangu, boksi lilikuwa zuri! Jipya, lina nembo, lina maandishi ya dhahabu, na ndani masta silinda inang'aa kama sufuria ya harusi. Sikunusa, sikukwaruza. Niliibeba kifuani mpaka Gerezani kama nimebeba mtoto.

Mzee hakuwepo. Aliniambia nimsubiri, na nilikumbuka vizuri kwamba aliniambia nimsubiri. Lakini nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, aseme mbele ya wale mafundi wanane kwamba Anastazia ameweza. Nikaifunga Alhamisi ile ile jioni. Nikakanyaga pedeli, ikawa ngumu safi. Ijumaa mchana, Mzee alipotoka mkutanoni akapitiliza msikitini, nikamwambia Mkude, "Lori limepona, nenda bohari ukapakie." Nikatembea nyuma yake mpaka Msimbazi ili nilione likienda.

Liliondoka polepole, likashika mwendo. Mbele, mama mmoja alikuwa anavuka na beseni la samaki, na nyuma yake mkokoteni wa nazi. Nikaona kichwa cha Mkude kinainama, mguu unakanyaga, unakanyaga tena. Lori halikupungua hata kidogo. Akatoa kichwa dirishani.

"Pisheni! Sina breki! Pisheni!"

Watu wakatawanyika. Mama wa samaki akatupa beseni akaruka. Mkude akavuta breki ya mkono, akakata usukani, akalipeleka lori kwenye rundo la mchanga wa ujenzi lililokuwa kando ya barabara. Likazama mpaka kwenye bampa, likatulia. Hakuna aliyeumia. Nakuambia hata leo nikilisema hilo, moyo unanishuka mahali pake.

Mkude akateremka. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Aliniambia tu, "Dada, uliniambia limepona."

Habari zikafika msikitini kabla sijaenda mwenyewe. Mzee Likwata akaja na kanzu yake nyeupe na kofia, akalala chini ya lori pale pale mchangani na kanzu yake. Alipotoka alikuwa ameifungua masta silinda yangu. Akanionyesha mipira ya ndani, ile midogo inayosukuma mafuta. Usiku mmoja tu ndani ya mafuta ya breki ilikuwa imevimba na kulegea kama andazi lililochovywa kwenye chai.

"Ulinunua nini?" akaniuliza.

"Orijino, Mzee," nikasema nalia. "Ilikuwa kwenye boksi. Boksi lake lipo."

"Nenda kalilete."

Nikakimbia Gerezani nikalileta. Akalishika, akalizungusha, akanirudishia mkononi.

"Haya, Ana. Nionyeshe kwenye lori hili boksi linafungwa wapi."

Basi. Hilo ndilo karipio lake lote. Watu walikuwa wamejaa, mama wa samaki yupo anaokota samaki wake, na mimi nimesimama na boksi la dhahabu sina pa kulifunga. Mpaka leo, mtu akinipigia debe la jina kubwa, iwe dawa, iwe shule, iwe mchumba wa mjukuu wangu, nasikia sauti ya yule mzee inauliza linafungwa wapi.

Nilimsaidia yule mama kuosha samaki wake bombani, nikamwomba radhi, akanisamehe kwa shingo upande. Kisha nikamfuata Mzee. Nilijua ananiondoa kazini. Nikasema, "Mzee, zimebaki siku tano. Naomba nilitengeneze mimi."

Akaniangalia sana. "Kwa spea ipi?"

"Kwa Kaka Temu kuna moja. Haina boksi."

Kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Nenda. Ukirudi nayo, wala usiniambie mimi kama ni nzuri. Tuiache yenyewe iseme."

Kurudi dukani kwa mtu uliyemcheka si jambo jepesi, mwanangu. Nilisimama mlangoni kwa Temu nimeinamisha macho. Yeye alikuwa ameshasikia, Kariakoo yote ilishasikia. Hakunisimanga. Akaivuta ile spea kwenye gazeti lake, akasema, "Chukua, na mipira ya akiba hii hapa. Ikivimba, nirudishie zote."

Jumamosi asubuhi nikatafuta chupa mbili za jemu. Nikazijaza mafuta ya breki. Katika moja nikatumbukiza mpira wa akiba uliobaki kwenye lile boksi la fahari, katika nyingine mpira wa Temu, nikaziweka dirishani mafundi wote wazione. Jumapili baada ya misa nikapita kuzitazama. Jumatatu Mzee akazimwaga. Mpira wa boksi ulikuwa umekuwa donge. Wa Temu ulikuwa vile vile ulivyoingia, hata ncha yake haijalainika. Mzee akaukwaruza, akaunusa, akaniwekea kiganjani. Wale mafundi wanane hawakucheka siku hiyo. Mmoja akaanza naye kunusa spana zake.

Lakini matundu hayakulingana, Temu aliniambia kweli. Nikapima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na upana, mara tatu, nikakata bamba la chuma nene, nikalitoboa, nikalifunga kati ya masta silinda na ukuta wa kebini. Kijiti cha pedeli kilikuwa kifupi kwa upana wa kidole, nikatengeneza kingine. Jumanne nzima tulilikimbiza lori kwenye kiwanja cha Jangwani, Mkude anakanyaga, mimi nachora mstari ardhini lilipoishia. Tulipotosheka, Mzee Likwata akasema, "Limebaki jambo moja. Utapanda na lori hili mpaka kijijini."

Sikusita. Kama breki zile zilikuwa za kumpeleka Mkude, zilikuwa za kunipeleka na mimi.

Jumatano, siku ya mwisho ya zile saba, tulipakia mashine bohari. Lilikuwa dude zito la chuma, limefungwa kamba, na injini yake kando. Tukapita Morogoro, tukaanza kupanda milima, lori linanguruma na kunguruma tena. Kupanda hakukunitisha. Nilikuwa nangoja kuteremka. Alhamisi mchana tukafika kileleni, nikaliona bonde lote chini, na barabara nyembamba inajizungusha kuelekea kule, upande mmoja mlima, upande mwingine hewa tupu.

Mkude akasimamisha lori, akafuta jasho. "Dada Ana, unasemaje?"

"Twende, kaka."

Akatia gia ndogo tukaanza. Kona ya kwanza akakanyaga, lori likatii. Kona ya pili likatii. Nilikuwa nimeshika dashibodi, nahesabu kila mguu wake unaposhuka, na kila mara pedeli ilimjibu ngumu, safi, kama mtu anayeitikia jina lake. Kwenye kona ya tano Mkude akaanza kuimba. Ya saba nikamwitikia. Mzigo wote ule nyuma yetu, lori kuukuu lenye mlango wa kamba, na sisi tunaimba tunateremka!

Kijiji kilitusikia kabla hakijatuona. Wanawake wakatoka mashambani na majembe yao, vigelegele vinapanda mlima kutupokea. Wakasimama barabarani, wengi, hawataki kupisha. Mkude akakanyaga, na lori likasimama kimya, hatua tatu mbele ya bibi mmoja mzee aliyekuwa anacheza na mchi wake mkononi. Hata hakujua kwamba kulikuwa na jambo la kuogopa. Akaligonga bampa kwa mchi, akasema, "Karibu mashine, nimechoka mie!"

Mwenyekiti wa kijiji akamuuliza Mkude fundi aliyelitengeneza yuko wapi wampe mkono. Mkude akaninyooshea kidole. Mwanangu, walinibeba juu. Mimi, na ovaroli yangu yenye grisi, juu ya mabega ya wanawake wa Kiluguru, wananizungusha uwanja mzima. Jioni ile ile mashine ikawashwa, na unga wa kwanza wakanipaka usoni. Nilirudi Dar na debe la unga wa kijiji kile. Nusu nikampelekea Kaka Temu, nusu Mzee Likwata. Wiki iliyofuata Mzee akawaambia mafundi wote kwamba kuanzia siku hiyo, spea yoyote inayoingia gereji ile haifungwi mpaka Anastazia aione. Kazi hiyo niliifanya miaka thelathini.

Sasa wewe una gari lako lililozeeka, na unaniuliza ununue orijino au ya kampuni nyingine. Sikiliza. Kwa kioo cha pembeni, taa, mazulia, nunua ile inayowezwa na mfuko wako, hutakufa. Kwa kinacholisimamisha gari na kinacholigeuza, tafuta orijino kwanza, na uhakikishe ni orijino kwa kuishika, si kwa kusoma boksi. Ukiikosa, usidhani ya kiwanda kingine ni takataka. Ipime, iloweke, ijaribu penye uwanja mtupu kabla ya penye watu. Mtafute muuzaji anayekuambia kasoro ya kitu chake kabla hujamlipa, na ukimpata usimpoteze. Ukiambiwa umsubiri aliyekuzidi ujuzi, msubiri. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, usijifiche nyumbani. Rudi dukani kwa yule uliyemcheka, uinamishe macho, uanze upya. Mimi heshima yangu yote niliipata baada ya kurudi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe jicho la kukagua na moyo wa kukiri, akulinde wewe na unaowabeba, na kila mteremko utakaoupitia, uupitie unaimba.