Ilibakia Ngapi?

Kwa vitu vyote tulivyokuwa navyo mimi na bwana yangu, kaye moja njo imebakia. Ni kaye ya shule, ganda yake imepasuka, kurasa zake zinanuka moshi ya makala. Maandishi ni mabaya, juu mukono yake ilizoea mwiko ya sima ya kujengea kuliko biki ya kuandikia. Lakini mimi hakuna maandishi ninapenda kama yale.

Alikuwa fundi wa kujenga. Saa kumi ya mangaribi akitoka kazini, vijana na wazee wa quartier walikuwa wanakuja mu kiwanja yetu kubeba vyuma. Ninasema vyuma, lakini havikuwa vyuma. Wakati volcano ilishuka mu muji na kuchoma nyumba yetu ya kwanza, tulibakia na mawe nyeusi tu. Bwana yangu akayaponda, akachanganya na sima, akamwaga mu mikebe ya maziwa ya unga, akaingiza bomba ya maji katikati. Mukebe huku, mukebe kule, njo chuma.

"Hii volcano ilikula nyumba yangu," alikuwa anasemaka. "Sasa tutaibeba juu na chini mupaka iniombe pardon."

Watu walizani kubeba ni kubeba tu, mwenye anabeba mingi njo mwanaume. Yeye hapana. Kila mutu alikuwa na ukurasa yake mu kaye: utabeba nini, mara ngapi, utapumua dakika ngapi katikati. Siku moja alikuja papa moja, baba muzima, mwenye alikuwa anashusha magunia ku soko, shingo kama ya ngombe. Bwana yangu akamupa mikebe midogo kabisa.

"Muko munanichekelea, coach?"

"Hapana, papa. Nataka kwanza nione namna unasimama."

Na kila mutu akiweka chini, aliuliza neno moja: "Ilibakia ngapi?" Maana yake, kama ningekuachilia, ungeweza kurudilia tena mara ngapi? Alitaka ujibu "mbili". Ukisema "kumi", anaongeza. Ukisema "hakuna", anakasirika: "Sasa umemaliza yote leo, kesho utakuja na nini?" Na usimudanganye, alikuwa anaangalia magoti yako, haangalie mudomo.

Mama yake alikuwa anaishi kwetu. Miguu yake ilikufa zamani, mbele mimi niolewe, lakini ulimi ilikuwa muzima kabisa. Siku ya volcano, bwana yangu alimubeba ku mugongo kutoka kwetu mupaka ngambo ya mupaka, Gisenyi. Mama mukwe alipenda kuhadisia wageni: "Yeye alikuwa anaangalia mbele. Mimi niligeuza shingo. Njo maana mimi peke niliona vile nyumba inawaka, yeye ninamuhadisiaka."

Kisha tukahamia Kibati, ku njia ya Rutshuru, na mutoto wetu musichana. Wakati ule vita ilikuwa inakuja na kurudi. Bwana yangu akapata kazi ya kujenga madarasa, mbele ya Kibumba, miezi mbili. Nilimuomba asiende. Yeye hakuangalia mimi, aliangalia mama yake.

"Kukitokea mbio na mimi siko, nani atamubeba mama?"

Nikasema: "Mungu."

"Sawa. Atamubeba ku mugongo ya nani?"

Mimi ni mutu wa sala, kila asubui niko ku misa, na ile swali ilinichoma.

Kesho yake akamupeleka mama ku dépôt ya viazi, wakamupima ku kilo. Mama mukwe alicheka mupaka machozi. "Nimezaa watoto saba, leo niko kiazi!" Kilo makumi ine na tatu. Jioni bwana yangu akaniandikia ukurasa. Hakukuwa mikebe kwa mimi, kulikuwa bidoni za maji, juu lita moja ni kilo moja na haiwezi kukudanganya. Juma ya kwanza, bidoni ya lita makumi mbili ku mugongo, ndani ya kitenge, kuketi ku kiti na kusimama, mara nane, kupumua, tena. Siku tatu kwa juma, siyo kila siku. Juma ya pili, kuongeza lita tano. Ya tatu, tano tena. Juma ya ine aliandika herufi moja tu: R. Juma ya tano, sita, saba, namba tena, mupaka lita makumi ine. Ya nane: R. Ya tisa aliandika kichwa peke, chini mweupe.

"Na hapa?"

"Hapa nitaandika nikirudia. Siwezi kuandikia mwili sijauona."

Na kanuni moja aliisema na kidole juu: "Tumbo bure, usiguse bidoni."

Alipanda camion ya viazi yenye ilikuwa inarudi mutupu Kibumba. Alisimama nyuma, akanyanyua vidole mbili. Mupaka leo sijue kama alitaka kusema miezi mbili, ao alikuwa anajibu swali yake mwenyewe.

Mimi niliacha shule mu darasa ya pili primaire. Namba nilijua, na herufi moja moja. Na mu kiwanja yetu neno yenye alikuwa anapiga nayo kelele kila jioni ilikuwa "Rudilia! Rudilia!" Basi niliona R nikajua: rudilia. Juma ya ine nikarudilia ya tatu, na lita yote. Nilijiona mwanamuke mwenye kutii.

Alituma telefone mara moja, juma ya pili. Kisha réseau ikakatika kule, na njia ikafungwa.

Juma ya sita magoti ikavimba. Ya saba nilikuwa ninaamuka nimechoka kuliko vile nililala. Siku moja kitenge ikafunguka, bidoni ikaanguka ku mawe, ikapasuka, maji yote ikaingia mu lava. Mama mukwe alikuwa ku mulango.

"Kama ile ilikuwa mimi, mungeniokota na kijiko."

Nilicheka, kisha nikalia. Nilijua mimi sitaweza kumubeba. Kilo tatu tu zilikuwa zimebakia kufika kwake, na kila siku nilikuwa ninaenda nyuma.

Ikafika juma ya nane. R. Nilikuwa nimejipanga kurudilia. Lakini siku ya Yenga, njo Jumapili, padiri akatangaza: juma nzima kufunga juu ya amani, kutokula mupaka saa tisa. Nikabakia katikati. Nikifunga, saa ya kubeba inanikuta tumbo bure, bwana yangu alikataza kugusa bidoni. Nikibeba, ninavunja mufungo. Nilipiga magoti, ile magoti yenye kuvimba, na nikachagua Mungu. Siku saba sikubeba kitu. Niliketi na rozari, saa tisa nakula maharagi na bugali, ninalala. Kila mara nikiona kaye ninageuza macho. Nilizani nimemutupa mama ya bwana yangu.

Siku ya Yenga yenye ilifuata, asubui, mabomu ikaanza kulia upande wa Kibumba. Watu wakashuka ku njia na mbuzi, magodoro, nyungu yenye bado moto. Nikaingia mu nyumba. Mama mukwe alikuwa amejifunga kichwa vizuri kama mutu wa kwenda ku ndoa.

"Muende na mutoto," akasema. "Mimi nitaangalia nyumba. Nimezoea kuona nyumba zikiwaka."

"Mama, nyamaza. Shika shingo, lakini usininyonge."

"Nikikunyonga, nani atanibeba?"

Mutoto akafunga kitenge mara mbili. Nikaketi ku kiti vile nilizoea, nikapumua, nikasimama. Na nikazani mutoto hakufunga vizuri, juu mama hakuwa na uzito. Nikageuka kuangalia. Alikuwa pale, pua yake ku sikio yangu.

Tulienda hatua mia, mutoto anahesabu na sauti. Mia ikifika ninamuketisha ku mawe, ninapumua mara kumi, ninasimama tena. Mama mukwe anasalimia wote wenye tunapita nao: "Bonjour, mimi niko na gari." Magoti haikuuma. Sijue mara ngapi ile mia. Jua ilikuwa juu kabisa wakati tulifika ku bariyeri ya kuingia muji, mahali camion zilikuwa zinapakia watu kuwapeleka Mugunga. Nikamuweka chini. Mama mukwe akaniangalia magoti, siyo mudomo, akasema na sauti ya bwana yangu kabisa:

"Ilibakia ngapi?"

Nikatafuta ndani yangu ukweli.

"Mbili, mama."

Pale njo mara moja tu nilimuona analia.

Ku Mugunga tuliishi chini ya hema, juu ya mawe, nikatoa ushuhuda mu kanisa: Mungu alinipa nguvu kwa mufungo. Bwana yangu hakufika. Wenzake wawili wa kazi walifika, wakasema ile siku kila mutu alikimbia upande yake, wengine Rutshuru, wengine Uganda. Hakuna mwenye aliona maiti yake. Hakuna mwenye alimuona muzima. Mama mukwe alikufa miaka kazaa nyuma ya pale, mu kitanda, shuka safi, na mimi njo nilimugeuza mara ya mwisho.

Kisha nikaingia masomo ya mangaribi, ku madarasa ya paruasi, ku kanisa yetu. Nilitaka kusoma ile kaye mimi mwenyewe, mbele wino ifutike. Siku moja mwalimu aliandika ku tableau programu ya juma: siku moja hesabu, siku moja Kifaransa. Ku siku ya tano akaandika R.

Nikanyosha mukono. "Mwalimu, siku ya tano tutarudilia nini?"

Wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Hapana, mama. R ni repos. Siku ya tano munapumuzika."

Masomo ya ile jioni sikuisikia tena. Nilifika ku nyumba, nikafungua kaye. Juma ya ine, R. Juma ya nane, R. Wanamuke wa kikundi yetu ya sala wananiambiaka: basi haikuwa muujiza, ilikuwa mwili ilipumuzika. Mimi sione shida. Mungu alijua kusoma ile R mbele mimi niijue.

Chenye kinaniuma ni kingine. Mu maisha yangu niliambiwa mingi: leta, pika, beba, harakisha. Pumuzika, hapana. Mutu moja tu aliniandikia ile neno, na mukono yake ya sima, mara mbili, na mimi nikaisoma kuwa kazi.

Volcano ilishuka tena, tukakimbia. Vita ingine ikaja, tukakimbia tena. Kila mara kaye inaingia ndani ya blouse. Leo ninaandikia wanamuke wenye kubeba magunia kurasa yao, namba na R, na ile R ninaieleza kwa mudomo mbele waende. Binti yangu anasema: "Mama, sasa unajua. Jaza basi ile juma ya tisa." Ninajua kuijaza. Ningeweza leo.

Lakini alisema haandikie mwili hajauona. Sasa aone kwanza: nywele nyeupe, goti ya kushoto yenye inalia nikisimama. Aangalie vile anaangaliaka, chini, ku magoti. Kisha aniulize.

Nitamujibu: mbili, papa ya watoto. Nilikuwekea.