Mtambo wa kufuata jua ulivyomfanya mama yangu aitwe mwongo dukani kwake

Za mchana wakuu. Ninayoandika hapa yametukuta mimi na mama yangu, sijahadithiwa na mtu, na hasira bado ninayo.

Mama ana duka la maziwa Remera, nyuma ya Gisimenti. Tumekulia Mwanza, tukarudi Kigali, na tangu turudi kazi yake ni hiyo: maziwa baridi, ya moto, na ikivuguto, yaani mgando wa huku kwetu. Watu wanakaa kwenye benchi, wanakunywa, wanaondoka. Hakuna aliyewahi kurudisha kikombe akisema maziwa mabaya.

Friji ilikuwa inakula umeme sana, tukaamua kuweka sola. Shida ni paa, dogo, paneli mbili tu ndio zinaenea.

Jamaa mmoja wa sola akasema hiyo si shida, atatufungia solar tracker, chuma kinachogeuza paneli zifuate jua asubuhi hadi jioni. "Mbili zikifuata jua zinafanya kazi ya tatu." Nikasoma soma mtandaoni, nikaona kweli zinaongeza umeme. Tukakubali, friji ikahamia kwenye betri za sola.

Wiki za mwanzo poa kabisa.

Kisha mvua zikaanza. Asubuhi moja Mama akakuta friji imezima, maziwa yamekatika. Akamwaga. Ikajirudia. Halafu siku moja akauza jagi la maziwa yaliyoharibika bila kujua, jirani mmoja akalirudisha mbele ya watu, anasema mtoto wake ametapika.

Tukamwita jamaa. Akaja alasiri, akapima betri, paani hata hakupanda. Akamgeukia Mama, wateja wamekaa pale pale.

"Mama, sema ukweli tu. Usiku unachomeka pasi, ndiyo inamaliza betri."

Mama akamjibu taratibu, "Sina pasi hapa, mwanangu."

Jamaa akacheka. Yaani wakuu, alicheka. Mtu wa umri wa mama yake anamfanya mwongo ndani ya duka lake. Nikaona wateja wanachungulia vikombe vyao.

Jumapili nikapanda paani mwenyewe, nikakaa.

Asubuhi paneli zilifuata jua vizuri tu. Mchana wingu likafunika, zikabaki zinatafuta. Jua lilipotoka tena liko magharibi, zenyewe zikageukia mashariki. Nikadhani naona vibaya.

Kumbe ng'ambo ya barabara kuna ghorofa jipya la vioo, na jua la jioni likipiga pale vioo vinaumiza macho. Tracker yetu haijui saa ngapi wala upande gani, ina sensor ya mwanga tu, inakimbilia panapong'aa. Ikashika ghorofa, jua ikalipa mgongo hadi giza. Betri zingejaa saa ngapi?

Nikamtumia jamaa video. Akajibu eti hayo ni mazingira ya mteja. Nikamwambia sitaki hela yako, njoo umwombe Mama msamaha mbele ya wale wale uliomtukania. Akani-block.

Chuma nimekikaza kwa bolti, paneli zimelala zinatazama juu. Huku kwetu jua linapita karibu na utosi, zinatosha. Siku za mvua friji tunairudisha kwenye umeme wa kawaida. Haijazima tena.

Ila yule jirani hajarudi. Anapita mlangoni na jagi lake, anaenda duka la mbele. Mama anamsalimia kila siku.

Tracker sio kitu kibaya, nisieleweke vibaya. Kabla hujafungiwa, uliza inafuata jua kwa saa au kwa mwanga, na angalia majirani wamejenga nini.

Rafiki yangu kanitumia status ya huyo jamaa: picha ya paa letu, eti "mteja wetu mwenye furaha, Remera". Aliipiga akiwa barabarani, siku ile ile ya pasi. Ukiikuza unaona kabisa: jua liko upande mmoja, paneli zimelitazama ghorofa. Ushahidi kaupiga mwenyewe, na bado anauzia watu.

Karibuni. Ingekuwa ni mama yako, huyu mtu ungemfanyaje?