Kiganja Nyuma ya Mlango

Majirani walimwita Popo. Si kwa ubaya. Kila siku yake ya mapumziko alirudi nyumbani ananuka kinyesi cha popo, na jina likamganda kama rangi ya mafuta kwenye kucha. Alikuwa fundi wa kupaka rangi. Siku za kazi alipaka nyumba za watu. Siku ya kupumzika, badala ya kulala au kwenda kutazama mpira kama wenzake, alitia tochi, maji na kisu cha kukwangulia kwenye mfuko, akaenda zake kwenye mahame: stesheni isiyopita treni, shule iliyoota vichaka madarasani, maghala yaliyobaki kuta tu. Hakutafuta mali, wala hakuondoka na kitu. Alipenda tu kujua watu waliishije pale. Na kwa kuwa kila mtu huitazama dunia kupitia kazi yake, yeye alitazama kuta.

Akifika alibisha hodi, hata kama mlango wenyewe ulishang'olewa.

"Unambishia nani?" mkewe alimuuliza siku moja walipofuatana.

"Nyoka, nyuki na wapenzi. Wote hawapendi kushtukizwa."

Kisha alikwangua kidogo nyuma ya mlango, chini kabisa, pale mafundi wanapojaribia, mahali ambapo hata mwenye nyumba mkali hapaoni. Juu krimu, chini yake bluu, chini yake chokaa. "Wamepita watatu hapa," angesema. "Na huyu wa bluu alikuwa mkono wa birika. Rangi yenyewe maji matupu."

Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao mjukuu alipozaliwa, hakuupenda mchezo huo. "Wenzako wakipumzika wanatembelea watu, baba," alimwambia. "Wewe unatembelea popo." Wala hakuwa akitania sana. Kwake, mkwe huyu alikuwa mtu mwema asiyetimia.

Jioni moja yule mama alikuwa anachambua mchele, na Popo anamsimulia mkewe kuhusu kota za kiwanda cha magunia, kilichofungwa zamani. Ndiyo kwanza alikuwa amezifikia. "Nusu ya chini ya kuta wamepaka kijani, nyumba zote, kama sare ya shule."

Mama mkwe akaacha kuchambua. "Safu ya mbele au ya nyuma?"

"Zote, mama. Kwani unazijua?"

"Ya nyuma, nyumba ya mwisho, penye tangi la maji. Ndipo nilipoanzia ndoa."

Mkewe Popo akainua macho. Alijua alikuwa na kaka aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, lakini wapi na vipi hakuwahi kuambiwa. Lilikuwa jambo lisiloguswa.

Mama yake akaendelea, macho kwenye ungo. "Kaka yako ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Baba yako anapaka rangi jikoni, kageuka kuchovya brashi, mtoto kaegemea ukuta. Kiganja kizima. Baba yako akataka kukipitishia brashi, nikamkataza. Haukupita muda, homa ikamchukua mtoto. Tukahama, wakaingia wengine, wakapaka juu yake. Picha hatukuwahi kumpiga." Akapepeta mara moja. "Wewe, mkwe, si ndiye mkwanguaji wa kuta? Nenda kanitazamie."

Tangu Popo amwoe binti yake, mama huyo hakuwahi kumwomba kitu.

Popo hakungoja siku ya mapumziko. Kesho yake aliaga kazini mapema akaenda. Paa la nyumba ya mwisho lilishaondoka, ila ukuta wa jikoni ulisimama, na mlango wake ulining'inia kwa bawaba moja. Alijua cha kufanya. Rangi ikiguswa ingali mbichi hubaki na kovu. Hata ipakwe juu mara ngapi, ukiilaza tochi ubavuni mwa ukuta, kivuli cha kovu hujitokeza. Lakini mkono una mazoea yake. Kabla hajatoa tochi alishachutama nyuma ya mlango, na kisu kimeshapita kupima tabaka. Ganda pana likaanguka.

Ndipo alipowasha tochi, akailaza.

Kiganja kilikuwepo, kidogo mno. Vidole vitatu. Mahali pa gumba na cha shahada palikuwa lipu tupu, na lile ganda lilikuwa limesagika chini ya goti lake. Mtoto anayejifunza kusimama hushika wapi, kama si nyuma ya mlango, chini?

Angeweza kusema ukuta umeanguka. Popo hawatoi ushahidi.

Nyumbani alisimama mlangoni bila kuvua viatu. "Nimekiona, mama. Na nimekiharibu. Vidole viwili nimevikwangua mimi, kwa kisu changu."

Mama mkwe akampa binti yake mtoto aliyekuwa amempakata.

"Vimebaki vipi?"

"Cha kati, cha pete na cha mwisho."

"Nipeleke."

Walikwenda wote, mtoto mgongoni kwa mama yake. Popo akabisha hodi. "Karibuni," mama mkwe akaitikia nyuma yake, kama mtu aliye kwake, akatangulia kuingia. Akachutama kwa shida. Popo akamulika. Mama mkwe akaweka vidole vyake vitatu juu ya vile vitatu.

"Alikuwa na vidole vinene," akasema. "Nilishasahau."

Hakulia. Alikaa hivyo mpaka Popo akahamishia tochi mkono wa pili.

"Naweza kuikata hiyo lipu, mama, tukaibeba."

"Uikate na nini? Kisu kile kile?"

Mkewe akacheka, akajiziba mdomo. Mama yake naye akacheka kidogo, akajifuta pua kwa kanga.

"Kiache, baba. Kimedumu kwa kuwa kilifunikwa. Kifunike tena, jua na mvua visije vikakila."

"Sikuja na rangi, mama."

"Fundi rangi anakuja ukutani mikono mitupu." Akaketi sakafuni, akaegemea ukuta kando ya kiganja, akanyoosha mikono apewe mjukuu. "Nenda kalete. Tutakungoja hapa hapa. Na usilete ile kijani. Ilikuwa mbaya tangu mwanzo."