Wimbo Uliokatwa Maneno

Nilikuwa kaunta, kwenye ofisi moja ya kata huku Butiama, nimekuja kuandika habari za uzinduzi, ofisa alipomwambia mzee mpiga litungu, ala yetu ya nyuzi, "Mzee, maneno ya wimbo wako niyaone kwanza. Mgeni anayekuja kuzindua zahanati ni mkubwa."

Mzee akayataja, ofisa akaandika. Mstari uliosema mkewe alifia kwenye pikipiki akikimbizwa Musoma, zahanati ikiwa imefungwa kumsubiri mgeni, ulikatwa. Uliofuata nao ukakatwa.

"Sisi tunaimbaga yaliyotokea," alisema mzee.

"Basi piga tu, usiimbe."

Siku ya uzinduzi mzee alikaa kwenye kigoda, akafumba mdomo, akazigusa nyuzi zake nane. Ulikuwa ule wimbo ambao huku hupigwa kaburi likishafukiwa. Akina mama waliokuwa wakicheza wakaketi chini na kunyoosha miguu, kama wanavyokaa msibani. Wanaume wakavua kofia. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo.

Mgeni si mtu wa huku. Alisimama akatikisa mabega, akapiga makofi. "Hongera mzee! Burudani safi kabisa!"

Ofisa amezaliwa hapa hapa. Wimbo ule aliujua. Akaniinamia sikioni, mkono ukipapasa kalamu kwenye mfuko wa shati. "Ndugu mwandishi, hebu mwambie abadilishe."

"Abadilishe neno gani?" nikamuuliza.

Akaiachia kalamu mfukoni. Tukabaki tunamtazama mgeni, mtu pekee aliyekuwa akicheza kwenye mazishi.