Masizi, Majivu na Unga

Kibanda cha shangazi yangu Akeyo, mjini Homa Bay, kilinuka wino wa taipureta na omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa nje, na mpaka leo sijui ni harufu ipi iliyoishinda nyingine. Alikuwa dada ya baba, nasi kwa Kiluo tulimwita Waya. Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu taipu: maombi ya kazi, mashtaka ya mashamba, maneno ya kusomwa matangani. Mimi nilikuwa mtoto wa kutoka upande wa Rongo, shule niliionja tu nikaiacha. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Mama yangu alikuwa amezikwa juzijuzi, na uso wake ulibaki mahali pamoja tu, kwenye kitambulisho chake. Chifu alitaka kitambulisho cha marehemu kirudishwe, na baba hakuwa mtu wa kubishana na serikali.

Mpiga picha wa mjini alikitazama akasema kapicha kadogo namna ile akikapiga upya katatoka ukungu mtupu. Basi Waya akafanya kama wanawake wa kwetu wanavyofanya wakitarizi vitambaa vya makochi. Alifunga nyuzi juu ya ile picha, za wima na za kulala, ikawa vyumba vidogovidogo. Akaniketisha dirishani nimsomee kila chumba kina weusi gani. Herufi sikuzijua vizuri, lakini jiko nililijua. Nikasema masizi, majivu, unga. Kwa masizi alipiga M kwenye taipureta, akarudi akapiga W juu yake. Kwa majivu alipiga o. Kwa unga aliacha wazi. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki kilikula siku nzima. Mgongo uliniuma, na nilipopiga miayo Waya alinikaripia kwamba hapa hatuchambui mboga.

Baba alipokuja kuchukua kitambulisho, ndiyo kwanza tumemaliza mabega. Akakitia mfukoni, akaitazama karatasi, akacheka kidogo.

"Akeyo, barua gani hii? Hata mwalimu hawezi kuisoma."

Mimi nami niliona herufi tu. Nikaanza kulia, maana kitambulisho kilikuwa kinakwenda na mama sikumwona popote. Waya aliibandika karatasi ukutani bila kunibembeleza.

"Rudi nyuma, nyathina, mwanangu. Rudi mpaka mlangoni."

Nikarudi. Pale mlangoni zile herufi zikawa uso, mama akanitazama. Baba naye akarudi, akasimama kando yangu, akavua kofia. Ndipo tukaona mstari mweusi umepita shavuni. Plastiki ya kitambulisho ilikuwa na ufa, kwa vile mama alizoea kukifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa zake, nami ule ufa niliusoma masizi. Waya akasema ataufuta.

"Wacha," baba akasema. "Hilo ni fundo la leso yake."

Leo wajukuu wangu hapa Migori wana simu. Wananipiga picha hata nikipepeta mahindi, na kesho yake wamezifuta kutafuta nafasi. Siwalaumu, mwenye kisima haogopi kumwaga. Mimi nilipewa uso mmoja wa herufi, na ule mwingine, wa shavu lisilo na mstari, umenitoka kabisa, siwezi kudanganya. Nikimwota mama, huja na mstari wake shavuni, nami namjua.